Kioo cha mlango wa gari la zamani kinacheza? Usianze na gundi

Gari ninaloliongelea hapa ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 niliyoachiwa na mjomba. Kama unakaa Mtwara mjini huenda ushanipita maeneo ya Shangani nimesimama pembeni, mkono mmoja nazungusha hendo ya kioo na mkono wa pili nimekishika kioo chenyewe kisilale. Miaka mitatu nimeendesha hivyo. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, ukifunga mlango kinalia, ukipita tuta kinalia, na dawa yangu ilikuwa ileile ya kila mtu, unakata kipande cha kandambili unakichomeka kati ya kioo na mlango, kimya. Wiki mbili mbele kimedumbukia ndani, unakata kingine. Siku nilipoufungua ule mlango nilitoa vipande kumi na moja, vya bluu, vyekundu, kimoja cha kijani ambacho sikumbuki hata tulikuwa na kandambili za kijani lini, vyote vimelala chini vimelowa chapachapa, na chuma cha chini ya mlango kimeshaanza kubanduka magamba.

Sasa kimetengemaa, mwaka na zaidi hakijalia. Naandika nilivyofanya pamoja na nilivyokosea mara mbili, na ingawa gari langu ni Beetle, mwenye Datsun, Peugeot 504 au Corolla ya miaka ya sabini na themanini atajikuta humuhumu.

Kioo kinashikwa na nini

Gari nyingi za umri huo kioo cha mlango hakijapigwa bolti yoyote, kimeshikiliwa tu. Chini kimevaa chuma chembamba chenye umbo la mfereji na katikati ya chuma na kioo kuna raba, hicho mi nakiita kiatu maana kazi yake ndo hiyo. Mashine ya kioo, ile inayozungushwa na hendo, inainua kiatu, kiatu kinainua kioo. Pembeni, mbele na nyuma, kioo kinapita kwenye njia zake, zile chaneli zenye raba na manyoya ndani kama mahameli. Alafu pale mdomoni mwa mlango, kioo kinapozamia, kuna raba mbili za ulimi, moja nje moja ndani, zinakifuta na kukibana. Beetle na wenzake wana nyongeza, kile kioo kidogo cha pembetatu kule mbele, na kati yake na kioo kikubwa kuna nguzo ya chuma ambayo ndo njia ya mbele ya kioo. Nguzo ikilegea, kioo kinacheza hata kama vingine vyote umeweka vipya.

Kwahiyo mtu akikwambia kioo kimelegea hajakwambia kitu bado. Kimelegea wapi? Chini, pembeni au mdomoni? Hapo ndo pesa yako inapookoka au kupotea.

Hakikisha kwanza ni kioo

Usicheke, nimeshahangaika siku nzima na kioo kumbe sauti si yake. Teremsha kioo mpaka mwisho, fungua mlango, uchezeshe kwa haraka kidogo. Ukisikia kitu kinakimbia chini kwa chini basi kuna mgeni humo ndani. Mlango wangu ulikuwa na skrubu mbili zenye kutu, klipu za ubao wa mlango zilizovunjika, na senti hamsini ile ya sungura, sijui ilizama lini, na mjomba mwenyewe hayupo wa kumuuliza.

Alafu shika mlango kwa mwisho, ukiwa wazi, unyanyue kama unataka kuung'oa. Ukipanda na kushuka, pini za bawaba zimekula, na hapo hata uweke kioo kipya utaendelea kusikia mlio. Funga mlango, simama nje, sukuma bodi ya mlango kwa kiganja usiguse kioo kabisa, ukicheza ndani nje basi kitasa hakibani au raba ya fremu imekufa. Hayo ni ya kwake, tutayaacha.

Kama mlango uko imara, pandisha kioo juu kabisa ukisukume kwa viganja, mbele nyuma, ndani nje. Kiteremshe nusu, rudia. Kiteremshe kibaki vidole vinne, rudia. Usiwe na haraka, sikiliza mkono wako unaambiwa nini, maana kila hatua inajibu kivyake. Kikicheza kwenda ndani na nje, lawama ni za njia na raba za mdomoni. Kikicheza kwenda mbele na nyuma, nguzo imeachia au raba za ndani ya njia zimekwisha. Kikiinama, yani kona moja inatangulia nyingine, angalia chini kwenye kiatu na mashine.

Juu kimya, nusu kinalia

Hii ndo ya wengi. Kikiwa juu fremu yote inakikumbatia, ukikiteremsha nusu kinabaki kimeshikwa na njia fupi na raba za mdomoni tu, kwahiyo manyoya yakiisha kinagonga chuma. Mulika tochi ndani ya njia. Manyoya mazima yanaonekana meusi na yana ulaini, yaliyokwisha unaona raba inang'aa au chuma kabisa.

Huku kwetu yanakwisha mapema kwa sababu tatu na zote tunaishi nazo. Ya kwanza ni vumbi jekundu la barabara za Newala na Tandahimba, linaingia kwenye manyoya na kuanzia hapo kila ukizungusha hendo unapiga msasa, kioo chenyewe kinapata mistari ya wima, nenda kaangalie cha kwako. Ya pili ni hewa ya chumvi kwa tuliopaki karibu na bahari, Mikindani, Shangani, Lindi mjini, chuma kilicho nyuma ya raba kinavimba kutu na kuisukuma raba nje. Ya tatu ni salfa. Ukibeba mifuko ya salfa ya unga kupeleka shamba la mikorosho, hata mfuko mmoja, ule unga wa njano unaingia kila tundu, na salfa iliyokaa kwenye chuma ikapata unyevu inakila. Mi nilikuta mstari wa njano chini ya njia ya nyuma kama mtu kaupaka kwa brashi, na chini ya ule mstari chuma kimetoboka tundu la kupitisha kidole cha mwisho.

Njia ambayo manyoya bado yapo, osha tu. Mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, sugua, futa, acha ikauke kabisa. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, raba inavimba na kulainika. Ikikauka puliza silikoni ya kupuliza kidogo, ukikosa tia poda ya mtoto, sitanii, poda inatelezesha raba vizuri tu. Usipake grisi. Najua fundi wako anapaka, wa kwangu pia alipaka, siku tatu kioo kikapanda kama siagi alafu vumbi likakutana na grisi ikawa uji wa mchanga, hapo ndo nikawa nimeharibu zaidi kuliko nilipoanzia.

Manyoya yakiwa yamekwisha, badili. Chaneli hizi zinauzwa kwa mita, za magari mengi zinaingiliana, cha msingi pima unene wa kioo chako na upana wa mfereji wa chuma inamokaa chaneli. Kata kipande cha sampuli cha sentimita kumi umpe dereva wa basi au mtu anayekwenda Dar akuonyeshee Gerezani kwenye maduka ya spea, usimweleze kwa mdomo. Mi nilieleza kwa mdomo, nikaletewa raba ya mlango wa friji.

Raba za ulimi za mdomoni zikikauka zinakuwa ngumu kama gome, hazifuti wala hazibani, na maji ya mvua yote yanashuka ndani ya mlango. Hizo hazina ufundi mwingi, toa weka. Usiweke ya nje peke yake ukaacha ya ndani, kioo kitasukumwa upande mmoja.

Juu kabisa na bado kinalia

Hapa angalia mawili. Kwanza, je, kioo kinafika juu kweli? Weka karatasi kati ya kioo na raba ya juu ya fremu, pandisha kioo, vuta karatasi. Ikitoka bila kubanwa, kioo hakijafika, na kioo ambacho hakijafika kinapiga upepo mluzi ukifika spidi 60. Sababu huwa bolti zinazofunga kiatu kwenye mashine zimehama kwenye matundu yake marefu.

Pili, nguzo. Shika nguzo ya kile kioo kidogo, itikise. Inafungwa juu na skrubu na chini ndani ya mlango na bolti, ya chini ndo inayolegea na ndo isiyoonekana mpaka utoe ubao. Mara nyingi bolti ipo, washa, ile pete ya chuma inayokaa chini yake, imeoza.

Dawa ya yote mawili ni moja. Legeza bolti zibaki zimeshikwa kwa vidole tu, pandisha kioo mpaka juu kikae chenyewe kwenye fremu kinavyotaka, fremu ndo ikupangie, alafu ndo ukaze. Watu wanakaza kioo kikiwa chini kwa sababu mkono unafika vizuri. Kikipanda kinakwenda kombo.

Kinalala upande, au kimetoka kwenye kiatu

Hapa ntakaa kidogo maana ndo yaliyonikuta.

Unazungusha hendo, kona ya nyuma inapanda, ya mbele inabaki, kioo kinakwama kimeinama kama kofia ya mlevi. Ukishika kwa mkono ukakisaidia kinanyooka. Ukifungua mlango unakuta kioo kimechomoka kwenye kiatu, chote au nusu. Mara ya kwanza nilifanya akili ya kawaida, nikanunua gundi zile za kuchanganya mbili, nikapachika, nikaacha usiku kucha, asubuhi chuma na kioo kitu kimoja. Wiki mbili. Gundi ile ni ngumu haina mnyumbuko, kioo kikitetemeka inapasuka vipandevipande. Mara ya pili nikaweka silikoni, ile ukiifungua inanuka siki. Ilidumu kama mwezi, ikaachia, na nilipotoa kiatu kilikuwa kimekula kutu mpya ya rangi ya chungwa kwenye chuma nilichokisugua mwenyewe. Ile harufu ya siki ni asidi kweli, inatoka wakati silikoni inakomaa, na chuma kitupu hakiipendi. Kama huna jinsi tafuta silikoni isiyonuka hivyo.

Mara ya tatu nikampelekea mzee mmoja pale Chikongola, mtu wa siku nyingi kwenye magari haya.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umegundisha mara ngapi?"

Hajaona hata kioo. Nikamwambia mbili. Akaniambia nitoe kioo chote, nikatoa. Akakichukua bila kiatu bila mashine, akakichomeka kwenye njia zake, akanipa nafasi.

"Sukuma juu."

Nikaweka viganja viwili chini ya kioo nikasukuma. Kikafika nusu kikagoma. Nikaongeza nguvu, kikagoma. Akanicheki tu.

"Sasa wewe na mikono miwili kimekushinda, hiyo mashine inakisukuma kila siku kwa mkono mmoja wa bati. Unadhani nini kitaachia kwanza?"

Ndo hivyo. Njia zilikuwa kavu na zimejaa vumbi, ile ya nyuma chuma kimevimba kutu kimeibana raba, kwahiyo kila nikizungusha hendo mashine inanyanyua kiatu na njia zinakizuia kioo, kati yao kuna raba ya miaka hamsini. Kioo kimelegea chini kwa sababu kinabanwa pembeni. Nilikuwa natibu mguu na ugonjwa uko mgongoni. Na zile kandambili nilizochomeka ili kisilie zilizidisha kukibana, yani nilikuwa naking'oa mwenyewe kila siku nikidhani nakituliza.

Kwahiyo kabla hujagusa gundi, fanya hilo jaribio la mzee. Kioo kitupu, bila mashine, kiweze kupanda na kushuka kwenye njia zake kwa kusukumwa na viganja tu, kiwe na uzito lakini kisigome. Kikigoma, rudi pembeni, safisha, badili chaneli, nyoosha nguzo, mpaka kikubali. Ndo urudi kwenye kiatu.

Kukivisha kioo kiatu sasa. Weka alama kwanza kwenye kioo kwa kalamu ya mafuta, kiatu kilianzia wapi na kiliishia wapi, pima kwa rula kutoka ukingo wa mbele. Kikikaa sentimita moja pembeni, kioo kitalala tu hata ukifunga vizuri namna gani. Kama alama ya zamani imefutika, fungua mlango wa pili upime kule, ni picha ya kwenye kioo cha kujitazamia, mbele inabaki mbele.

Sugua kiatu kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, paka redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, juu yake rangi ya kawaida, acha ikauke siku mbili. Usiiharakishe ile rangi, ikiwa mbichi raba inaigandia na kuibandua. Kama mdomo wa kiatu umepanuka ubane taratibu kwa plaizi ukiwa umeweka kipande cha mbao chenye unene wa kioo na raba katikati, usibane kioo kikiwa ndani.

Raba ya kiatu ukiipata ya dukani sawa, usipoipata tyubu ya lori inafaa sana. Kata ukanda, ukunje kwenye ukingo wa chini wa kioo, ujaribu kuvisha kiatu. Kikiingia kwa kidole, raba ni nyembamba, tafuta nene au ongeza tabaka. Kinatakiwa kigome, uhitaji kukigonga. Loweka raba na kioo kwa maji ya sabuni, weka kioo kimesimama juu ya blanketi lililokunjwa ukingo wa chini ukiangalia juu, anza kona moja, gonga kiatu kwa nyundo ya mpira na kibao, nenda kidogokidogo mpaka kona ya pili. Sabuni inakauka na raba inashika. Ukitumia oili badala ya sabuni, haikauki, na utakuja kujiuliza kwanini kiatu kinateleza.

Kiatu kikiwa kimechakaa sana hadi raba peke yake haishiki, ndo unaingia gundi, na iwe ile nyeusi wanayofungia vioo vya mbele. Inabaki na mnyumbuko. Na ina sifa moja inayotufaa watu wa pwani, inakomaa kwa unyevu wa hewa, kwahiyo huku inashika vizuri kuliko sehemu kavu. Pamoja na hayo ipe saa 24 kioo kimesimama, usikiguse, watoto wasikiguse, kuku wasikipande.

Mengine kwa ufupi

Hendo inazunguka bure na kioo hakisogei: angalia meno ya hendo kwanza, yakilika unanunua hendo tu. Kama meno mazima, kigurudumu cha mkono wa mashine kimechomoka kwenye reli yake, au kwa mashine za waya, waya umekatika. Kigurudumu cha plastiki kikivunjika fundi wa kuchonga anaweza kukutolea kingine.

Kioo kinashuka chenyewe ukipita mashimo: kuna springi ndogo imejiviringa nyuma ya hendo kazi yake ni breki, inaruhusu mkono uzungushe ila uzito wa kioo usizungushe. Ikilainika au ikikatika mashine ndo imekwisha hiyo. Watu wanachomeka bisibisi kati ya kioo na mlango. Haya.

Kinashuka na kugota chini kwa kishindo: kizuizi cha raba chini ya mlango kimeanguka. Kipande cha tairi kilichofungwa na bolti kinatosha, na hapa ndo sehemu pekee kwenye mlango mzima nakuruhusu kandambili.

Wenye Land Rover za zamani zenye vioo vya kusukuma pembeni, nyie hamna mashine wala kiatu, shida yenu yote iko kwenye ule mfereji wa chini wenye felti. Unajaa maji na mchanga, unaoza, kioo kinacheza. Toa skrubu, toa mfereji wote, weka mpya, na kabla hujafunga piga rangi fremu mpaka ndani ya pembe, maana inaoza kuanzia huko.

Kufungua na kufunga bila kuvunja

Kwenye gari langu hendo imeshikwa na skrubu ya nyota iliyojificha chini ya kifuniko cha plastiki. Kwenye Toyota na Datsun nyingi ni klipu yenye umbo la kwato nyuma ya hendo, pitisha kitambaa kati ya hendo na washa, vuta huku na huku kama unang'arisha kiatu, klipu itaruka, na itaruka mbali kwahiyo kaa sehemu ambayo utaiona. Ubao wa mlango umeshikwa na klipu pembeni, chomeka kitu bapa karibu kabisa na klipu ndo ubinue, ukibinua katikati ubao unavunjika, hasa zile mbao za karatasi ngumu zilizonyonya maji miaka.

Kabla ya kulegeza bolti yoyote funga kioo juu kwa selotepu pana, ipande juu ya fremu ishuke upande wa pili. Bila hivyo ukitoa bolti ya pili kioo kinashuka kwenye vidole vyako. Na kwenye mashine zenye mikono ya chuma kuna springi kubwa imejikunja, usiifungue, usiweke kidole kati ya mikono ikiwa nje ya mlango, inaachia ghafla.

Kioo chenyewe ni kigumu sana usoni na kidhaifu sana ukingoni. Hiki ni kioo kilichopikwa, hakikatwi, hakitobolewi, hakipigwi msasa ukingo, ukikigusa ukingo kwa chuma kinaweza kumwagika chote kwa mara moja kama mchele. Ndo maana kinapita kwenye raba kila mahali. Na hapa naomba nisemwe kuwa mkali: kikikuvunjikia, usiende kwa fundi wa vioo vya madirisha akakukatia cha nyumba. Kinaingia, kinapendeza, na siku ya ajali kinavunjika kuwa mapande marefu yenye ncha karibu na shingo yako. Kioo kilichopikwa kina mhuri mdogo kwenye kona, hata cha mtumba, angalia mhuri.

Mlango ukiwa wazi kazi hizi zifanye palepale. Chini ya mlango kuna matundu ya kutolea maji, mawili au matatu, yazibue kwa spoku ya baiskeli, yangu yalikuwa yamezibwa na matope na majani ya mkorosho. Mimina kikombe cha maji kutoka mdomoni uone yanatokea. Sugua kutu, paka rangi, na mashine itie grisi kwenye meno na vigurudumu, hapo ndo mahala pa grisi. Ile karatasi ya nailoni nyuma ya ubao usiitupe. Inazuia maji yasiloweshe ubao, ikichanika kata nyingine kwenye nailoni nzito, iingize chini upande wa ndani wa mlango maji yashuke humo. Fanya haya kabla ya Desemba, mvua zikishaanza huku hadi Aprili hutapata siku mbili mfululizo za kukausha rangi.

Usirudishe ubao siku hiyohiyo. Mi niliendesha wiki nzima mlango ukiwa mtupu, Mtwara hadi Lindi na kurudi, kila nikisimama naingiza mkono naangalia bolti. Mbili zililegea, ile ya chini ya nguzo na moja ya kiatu, nikaweka washa za springi nikakaza upya. Ndo nikafunga.

Mlango wa kushoto bado. Chaneli yake nimeagiza na hela yake inasubiri korosho ziuzwe, kwahiyo humo kandambili zimo. Kila nikimpeleka mama mkubwa Mikindani anakaa kule, anakishika kile kioo kwa kiganja njia nzima, na tukifika kwenye mashimo ananiangalia. "Gari la kaka yangu halikuwa na makelele haya." Namwambia mama mkubwa subiri Oktoba.